Nguruwe wa Baba

Kundiawa, 4 Mei

Baba,
Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi sipati. Naandika jambo ambalo binti hamwandikii baba yake. Mama alipomzaa mdogo wangu Wena alivuja damu mpaka akazimia, na mimba hii ni ya sita. Nimesoma kwamba tumbo la uzazi lililochoka huweza kulegea mtoto akishatoka, damu ikaendelea kumwagika. Msiiache eti ni damu chafu inajitoa. Ashuke mlimani akazalie kliniki, achomwe sindano ya kulikaza. Nakuomba.
Mwanao, Dorin

Nyumbani, 19 Mei

Mwanangu,
Hatujambo. Barua yako nimeisomea nyuma ya zizi, wanaume wasinione. Nimekupeleka shule usome hesabu, wewe unanisomea matumbo ya wanawake? Mama yako hataki kushuka. Anasema nguruwe watalishwa na nani. Na damu ya uzazi unaijua: mwanaume akiigusa anakauka, nguruwe wake wanakonda.
Huko kukaza, bila sindano kunafanywaje? Anayeuliza ni bibi yako, si mimi.
Baba yako

Kundiawa, 27 Mei

Baba,
Shikamoo. Mwambie bibi mtoto anyonye papo hapo akizaliwa, Mama akojoe, kondo la nyuma litoke zima. Tumbo likiwa laini, bibi alisugue kwa nguvu penye kitovu mpaka liwe gumu kama ngumi. Asiache mpaka kliniki, maana sindano bado itahitajika. Tengenezeni machela sasa.
Mwanao, Dorin

Kundiawa, 15 Juni

Baba,
Gari la kahawa limekuja mara mbili bila barua. Dereva anasema, "Dada, kungekuwa na msiba ningesikia." Labda ananituliza tu. Niandikie hata neno moja.
Dorin

Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,
Mama yako yu hai, na mtoto ni wa kike.
Damu ilikuja kama ulivyoandika. Bibi yako alisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Vijana walikubali kubeba machela, kumgusa wakakataa. Basi nikaingia nyumba ya kuzalia, mimi mwanaume, nikasugua njia nzima mpaka kwenye sindano. Mama yako akafumbua jicho akasema, "Taratibu, mzee, unasugua mtu."
Wanaume hawali tena nami. Kila asubuhi wanapita zizini kuangalia kama nguruwe wangu wamekonda. Nawalisha kwa mikono hii hii. Yule jike mweusi siku hizi anakwama mlangoni kwa unene.
Baba yako