Bega la Kondoo Nililokataa Kulikata

Uingereza, mwezi wa nane, 1951

Kwa Njoroge, muru wa maitu, mwana wa mama yangu, huko Thika.

Pokea salamu nyingi kutoka ng'ambo kwa mdogo wako Kamau. Mwili wangu ni mzima ila roho imechafuka, na ukiendelea kusoma utajua sababu. Maitu, mama yetu, hajambo? Ule mguu wake bado unamsumbua kukiwa na baridi? Msomee barua hii polepole, lakini pale ninapomsema vibaya Memsahib, mke wa Bwana ninayemtumikia, uruke, maana ataanza kuniombea na hamtalala.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo jikoni, nikairudia, na bado sitaki kuamini. Ati baba yake Wambui amesema nisipofika kabla kahawa haijaanza kuvunwa, atampokea yule karani wa Thika mwenye baiskeli! Mbuzi wetu wote wa mahari si wako katika boma lake? Si wamezaa huko huko Kalimoni? Kilichobaki ni ngurario tu, mbuzi achinjwe, nimkatie Wambui bega kwa mkono wangu mbele ya watu, ale, awe mke wangu. Nitalikata vipi nikiwa huku? Na wewe huwezi kunikatia, maana utakuwa umejiolea wewe.

Unaniuliza hii ni likizo gani isiyokwisha. Hata mimi sijui. Tulipoondoka Ruiru mwezi wa pili, Bwana alinigonga begani akasema, "Miezi nne tu, Kamau, halafu rudi shamba." Nikamwamini. Nilitapika kutoka Mombasa mpaka Suezi, Memsahib naye akatapika, na ndoo zote mbili nilizimwaga mimi. Likizo yangu ilianza hivyo.

Nisiwe mwongo, kuna mazuri niliyoyaona. Niliona meli yetu ikipita katikati ya mchanga, na ngamia wamesimama karibu hata ungeweza kuwatupia mkate. Nilipofika huku nikaona Mzungu anafagia barabara, na hakuna aliyemshangaa isipokuwa mimi. Mwingine alinibebea sanduku bandarini akaniita bwana. Niligeuka nyuma nione ni bwana gani anayeitwa! Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka Memsahib akaniuliza kama nimekunywa.

Lakini kucheka kuliisha upesi. Tumepanga nyumba karibu na bahari, na bahari yenyewe ni ya baridi kama maji ya mto Chania alfajiri. Kila asubuhi mimi hubeba viti mpaka mchangani, nikimaliza kuvipanga mvua inanyesha, navirudisha. Wao hukaa ndani wamejifunika blanketi, wanatazama dirishani, wanasema kesho jua litatoka. Hiyo ndiyo raha waliyoivukia bahari, na kule Ruiru waliliacha jua bure! Mwezi wa sita ulipofika, Memsahib akasema hatuwezi kurudi kabla hajaota jua. Mwezi wa saba akasema kuna harusi ya binamu yake. Nikajiuliza, na yangu je?

Sasa nikueleze yaliyotokea Jumapili. Huku nyama ni ya kupimwa tangu vita vile, hupati mpaka uonyeshe kadi, kwa hiyo bega zima la kondoo ni jambo la kualikia watu. Walikuja mama yake Bwana, ambaye ni mzee sana, na dada yake Bwana, msichana mkubwa ambaye hajaolewa. Nililichoma vizuri, nikalipeleka mezani. Bwana akanipa kisu, akasema nimkatie dada yake kwanza kwa kuwa ndiye aliyetoka mbali zaidi.

Njoroge, mkono ulikataa. Najua ile haikuwa ngurario, mimi si mjinga. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile, na nilipoona bega la mnyama na msichana anayengoja sahani, nilishikwa na uchungu nikashindwa hata kukunja vidole.

"Kata, Kamau! Hapana simama kama mti," Bwana akasema.

"Bwana, siwezi kumkatia huyu bega. Kwetu nikimkatia na akila, amekuwa bibi yangu."

Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani atanipiga. Akawaeleza wenzake kwa Kiingereza, dada yake akacheka akiwa ameficha uso kwa kitambaa, lakini yule mama mzee hakucheka. Alinitazama, akasema neno, na Bwana akaligeuza: "Mama yangu nauliza, iko msichana nangoja wewe? Wapi?"

"Iko, Bwana. Kalimoni. Na baba yake amechoka."

Tangu tuondoke Ruiru hakuna aliyewahi kuniuliza kama kuna mtu ananingoja. Yule mama alikichukua kisu akaikata nyama mwenyewe, huku akimwambia mwanawe maneno makali. Memsahib aliweka uma chini na hakula tena.

Jana Bwana alikuja jikoni peke yake. Akaniambia wameamua kukaa mpaka Krismasi. Kisha akasema, "Kuna meli mwezi ya tisa. Kama wewe nataka kwenda, kwenda, mimi nakata tikiti. Lakini Memsahib nasema wewe hapana rudi nyumba yake tena."

Ndiyo hivyo. Kazi ya miaka yote ile, na chumba changu pale shambani, vyote vimekwenda kwa sababu ya bega la kondoo ambalo hata sikulionja. Nina hasira, kaka, hasira ya kupasua sahani. Lakini nilimwambia Bwana akate tikiti.

Nisalimie Maitu sana, umwambie sijaacha kusali. Msalimie mke wako, na shangazi yetu wa Kiganjo, na mjomba aliyetusemea siku ya kupeleka pombe ya posa Kalimoni, umwambie nitamhitaji tena, akae tayari.

Barua hii naituma kwa ndege ili ifike kabla yangu. Nenda Kalimoni mwenyewe. Usizungumze na mzee kwanza, zungumza na Wambui. Usifiche kitu. Mwambie Kamau anakuja, na hana kazi, na hana chumba. Nikishuka Mombasa nitakupelekea simu ya maandishi, umjulishe siku ya treni. Akija nawe stesheni ya Ruiru, tutachinja wiki hiyo hiyo. Asipotaka kuja, tafadhali kaka, na wewe usije kunipokea hapo, nami nitajua jibu. Nitapitiliza ndani ya treni mpaka nyumbani Thika, nisimwone mtu.

Ndimi mdogo wako anayerudi,
Kamau