Mapine ya kupiga picha

Spès we, rafiki yangu! Tunateremuka mulima wa Kanyosha na miguu, mi na dada yangu Fadhila, yule fundi wa magari, na kiatu kinaniuma. Sijali!

Unajua kale kagari ka wazi ka Hugues, ka kupanda milima? Alikavalisha mapine makubwa ili kapendeze. Sasa kakifika mulimani kanashindwa, mukanda wa kuzungusha mapine unanuka kuungua.

Fadhila akamwambia, "Injini ni muzima. Mapine ndiyo inakula nguvu."

Hugues akacheka mbele ya garaji yote! Eti, "Mwanamuke anataka kunipunguzia gari!" Kunipunguzia gari, Spès! Mafundi wote wanasikia!

Fadhila akachukua vyombo vyake. Akarudisha mapine ya zamani, akaweka vyuma vyepesi mu ambreyaji, ile klachi, ili injini ivute vizuri, akashika usukani, akamwambia Hugues: "Kaa hapa pembeni yangu." Mi nikarukia mu kiti ya nyuma.

Wallahi kakapanda mupaka juu bila kusimama! Hugues ameshika chuma cha gari na mikono mbili.

Kufika juu, Hugues eti: "Asanti. Sasa unirudishie yale makubwa, nipige picha."

Fadhila akashuka, akamupa ufunguo wa gari. "Mi natengeneza gari ya kupanda. Ya picha, tafuta mupiga picha."

Saa hii Hugues anatuita huko nyuma, anaogopa kukateremusha peke yake. Hatugeuki.