Neno la Espe Lilikwama Kwa Mvua

Mubi, musimu wa mvua

Papa yangu mupenzi,

Nakuamkia, wewe na Mama. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na goti lako, lile unalifungaka na kitambaa tangu tukimbie kutoka mulimani na kuacha ng'ombe? Mimi mwili uko muzima. Kusema niko muzuri ingekuwa uongo, na wewe ulitukatazaka uongo hata ule wa kupendeza wageni.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulinikata. Nilitaja jina la Espe tu, basi, kimya. Rezo ya simu ilikuwa muzuri siku ile, mimi njo mwenye kuichunga, najua. Barua haikatike hivyo. Mama atakusomea, na ninamuomba asiruke mustari hata kama utakunja uso.

Dada Riziki aliniambia maneno yanayosemwa pale Sake. Munasema Espe alikuwa Pinga, alijua wenye bunduki wameingia njiani, akanyamaza, bwana yake Eliya akaenda mikononi mwao, wakamuua. Munasema watoto warudi kwenu, yeye abaki huko huko na ukimya wake. Papa, Eliya alikuwa mudogo wangu, tulilala kitanda kimoja mpaka miguu ikatushinda. Kama Espe angenyamaza, mimi ningekuwa wa kwanza kumufungia mulango. Hakunyamaza.

Sikia vile ilikuwa. Mamotari wa huku, wale wanaobeba watu na mizigo kwa pikipiki, wako na desturi yao. Mutu hatoke Mubi kwenda Pinga kabla ya kusikiliza grupu yao ya WhatsApp. Kama njia ni mubaya, mutu wa Pinga anatuma vokali, sauti yake mwenyewe. Kama umemaliza chai na grupu imenyamaza, maana yake njia iko wazi, unawasha pikipiki. Hakuna mukubwa aliyeamuru hivyo. Tulijizoesha tu, na mimi pia niko ndani ya grupu ile.

Asubuhi ile Eliya alikunywa chai kwangu, chini ya antena. Alikuwa na magunia ya chumvi ya Papa Kasereka, yule mufanyabiashara wa Butembo, na dawa kidogo ya santé, ile zahanati ya Pinga. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukusikilizana vizuri. Alinichekelea, "Kaka, wewe unalindaka chuma. Chuma inaweza kukimbia?" Akaangalia simu yake, nami yangu. Hakuna kitu. Mvua ilipopungua kidogo akaniambia, "Bon, wamenyamaza. Naenda kuona watoto wangu." Akaenda.

Kisha mvua ikakatika kabisa, na simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya Espe. Saa iliyoandikwa pale inaonyesha aliituma wakati Eliya alikuwa angali anapuliza chai yake. Nilipiga simu ya Eliya mpaka kidole kikauma, lakini ndani ya pori hakuna rezo. Niliazima pikipiki ya jirani nikamufuata. Wasafiri waliokuwa wanarudi kwa miguu kutoka upande wa Pinga njo walinisimamisha. Mengine nilishakuambia siku ya kilio, sitayaandika tena.

Sasa utaniuliza sauti ililala wapi. Kila mara uliniuliza kazi yangu ni gani kweli, na sikukujibu vizuri hata siku moja. Maneno ya watu yanapita hewani juu ya wimbi. Mashini inalipinda wimbi lile, mara kwa namna hii, mara kwa namna ile, na kila namna iko na maana yake, kama miluzi uliyokuwa unapigia ng'ombe. Kazi ya kulipinda inaitwa modulasioni. Hewa ikiwa safi, mashini inatumia namna zaidi ya mia mbili, na mizigo mingi inapita: picha, vokali, video. Lakini namna nyingi hivyo zinafanana sana. Mvua ikianguka kati ya mulima na mulima, antena ya ng'ambo inazichanganya. Basi mashini yenyewe inashuka mpaka namna nne tu, zile hakuna anayeweza kukosea. Njia inabaki nyembamba sana. Simu ya mudomo na mesaji fupi ya kuandika zinapewa nafasi ya kwanza. Vokali inangoja.

Espe hakujua hiyo. Nani Pinga angemufundisha? Kule watu wote wananunua mega za internet, kwa sababu ni bei ya chini, na uniti za kupiga simu hawana. Kuandika pia hawakuzoea. Alitoka sokoni mbio, akasema neno lake vile kila mutu anasemaka.

Na neno lenyewe lilikuwa refu. Hili linaniuma kukuandikia. Nimelisikiliza mara nyingi. Anaanza kusalimia wakubwa wote wa grupu. Anauliza Eliya kama ameamuka vizuri, kama Kaka Faustin yuko muzima, kama amepata habari ya Papa na Mama kule Sake. Ni nyuma ya hayo yote njo anasema, "Baba Danieli, usije. Wako njiani. Nakuomba usije." Papa, wewe njo ulimukaripia mwaka ule alipoingia kwako na habari ya ndama mugonjwa bila kusalimia. Ulimwambia bibi wa nyumba yetu hatupe habari kama mutu anatupa jiwe. Alikusikia. Sikulaumu wewe, kwa sababu hata kama salamu zingeondolewa sijui kama sauti ingepita. Ila usimuhukumu kwa adabu uliyomupa wewe mwenyewe.

Sasa nimewaambia mamotari kimya si jibu. Pinga iandike maneno mawili, "njia wazi," na bila hayo hakuna anayetoka. Wengine wanaguna kama ninawachelewesha. Waache wagune.

Unisalimie Mama, asikasirike kwa kusomeshwa mambo mazito hivi. Salimia Dada Riziki, na wajomba wanaouza maziwa kwenye barabara ya Masisi. Mwambie katekista aendelee kumuombea Eliya.

Papa, yule dereva aliyekupa barua hii hakuja peke yake. Walizunguka njia ndefu, Bukavu na Minova. Espe anangoja pale Sake ambapo magari ya Minova yanapakia, na mutoto wake Danieli, na mudogo mugongoni. Nilimukataza kuingia kwako kabla hujamwita, na yeye mwenyewe hangethubutu. Simu yake iko na sauti ile, kama unataka kuisikia. Watoto hawajakula tangu Minova.

Mimi mutoto wako mwanaume uliyebaki naye,
Faustin