Risasi za Kumpokea Khalid

Ijumaa, 11 Machi 1966

Nimepangusa bastola, kama kila Ijumaa. Mafuta ya cherehani, kipande cha kanga kuukuu. Kutu inaanza mtutuni. Baba Khalid aliinunua kwa baharia, Unguja, kabla hajanioa. Bei ya kutupa, na siku hiyo hiyo ilikuwa kuukuu. Risasi zake hazizidi kokwa ya tende. Shambani nilimshinda shabaha kwayo. Hapendi kukumbushwa.

Zimebaki tano. Za kumpokea mwanetu Khalid. Yuko Dar es Salaam, anangoja nafasi ya meli. Huku Oman mgeni wa heshima hupigiwa bunduki. Naye atapigiwa, japo kwa kidude hiki.

Jumapili, 20 Machi

Soko zima la Matrah halina risasi hizi. Fundi wa bunduki hujaza upya maganda ya risasi kubwa. Haya yetu hayajaziki. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Nyundo ikishaubonyeza, basi. Nimezifunga zile tano kitambaani.

Jumamosi, 2 Aprili. Sikukuu ya pili.

Nimekasirika. Wanaume walikwenda bondeni kupiga shabaha. Hamed, bin ami yake Baba Khalid, kaicheka bastola yetu. Ati ya kuulia panya. Baba Khalid kapandwa na hamaki, kazipiga zote. Nne zimelia. Ya tano imegoma.

Risasi za mwanangu, kwa mzaha wa Hamed! Jioni Baba Khalid kaniambia, "Nisamehe, Mama Khalid. Nnaona haya." Nikaitwaa ile iliyogoma, nikaondoka.

Jumatatu, 4 Aprili

Bado sisemi naye. Nimempelekea fundi ile iliyogoma. Kaitazama alama ya nyundo ukingoni. Asema igeuzwe, igongwe upande mwingine, huenda ikalia. Moja yatosha. Khalid hana makuu.

Nimeificha. Baba Khalid hajui ilipo.

Alhamisi, 12 Mei

Kaja mtu kutoka Dar. Nikadhani kaleta salamu. Nikamtilia kahawa.

Khalid amefariki. Homa, siku chache tu, katika chumba cha kupanga. Nafasi ya meli alikwishapata. Wamemzika wenziwe. Sikumfumba macho mimi.

Maini yananikatika. 

Jumamosi, 14 Mei

Hitima imesomwa. Watu wametawanyika. Baba Khalid kataka bastola itupwe baharini. Nikakataa. Tukaenda bondeni alasiri, sisi wawili. Yeye hakuweza kuishika.

Risasi nimeigeuza mwenyewe, alama ya zamani chini. Nimepiga juu. Imelia. Mlio mdogo, mkavu.

Nikasema, "Karibu, mwanangu."

Baba Khalid kakaa mchangani, kalia. Nikamshika mkono. Sikuwa nimemshika tangu sikukuu.

Ijumaa, 20 Mei

Joto. Nimeosha vyombo. Jirani kaleta kitambaa, anataka nguo ya bintiye. Nimekubali.

Nimetia mafuta cherehani tu.