Kiti cha 'M'e Mathakane

Jumatatu, 10 Juni

Nimepandishwa cheo. Nimeandika hivyo nione kama nitafurahi — wapi!

Mzee wetu, Ntate Khoabane, mwenyekiti wa bodi, aliniita pembeni. Kuanzia Julai mimi ndiye mkurugenzi wa huduma yetu yote ya kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi: wagonjwa wa majumbani, vikundi vya wanaoishi na VVU, mpaka vijiji vya juu kabisa milimani. Hongera, dada Nthatisi, akaniambia! Ila 'M'e Mathakane hajaambiwa kwamba anaondoka. Mwambie wewe. Nyie watu wa tiba shufaa ndio mnaojua kusema maneno mazito.

Akacheka, akajifunika vizuri blanketi lake, akaenda zake.

'M'e, mama wa sisi sote! Aliyenikuta kitandani nikiwa mifupa mitupu, ndugu zangu wameshaanza kunong'ona habari za mazishi. Akaniletea dawa za VVU. Akaninywesha uji wa motoho kwa kijiko. Nilipopona akanitia kazini, akanisomesha unesi, akanifanya msaidizi wake. Leo nikamwambie anipishe kiti cha mkurugenzi.

Saratani yake imerudi. Tulikuwa wote kwa daktari, Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, tukanywe chai." Hajaitaja tena.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikwenda nimwambie. Nikamkuta anawafundisha wahudumu wapya wa vijijini. Mgonjwa hadanganywi, anawaambia, wala hasukumwi. Kaa naye. Msubiri.

Katikati ya maneno akashika ukingo wa meza. Jasho linamtoka — na nje theluji ya kipupwe! Wahudumu wakainamisha macho. Kisha akaendelea, kama mtu aliyekuwa anatafuta neno tu.

Sikumwambia.

Jumanne, 18 Juni

Nimemsihi anywe mofini ya maumivu, hata kidogo. Akafoka: hiyo ni ya wagonjwa!

"Mama, na wewe..."

"Na mimi nini? Sema!"

Nikasema gari linataka matairi mapya. Mwoga mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Nimesema. Vibaya, mbiombio, nimesimama mlangoni na koti langu mwilini.

"Khoabane kakutuma? Dume zima linamwogopa bibi mgonjwa!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Sijawahi kumsikia akijiita mgonjwa.

Halafu, taratibu: "Nikiamka asubuhi sina pa kwenda, mwanangu, nitabaki na nani? Mimi na huu ugonjwa, tunatazamana?"

Nimefundisha watu wilaya nzima namna ya kukaa na swali kama hilo. Nikalia. Mimi! Yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Jumatatu, 24 Juni

Bodi imeona isingoje Julai. Kumuaga 'M'e ni leo. Ukumbini kuna kuku, keki, wanakikundi wameshuka milimani kwa farasi, wamevaa mablanketi ya sikukuu. Nusu yao aliwainua kitandani kama mimi. Ntate Khoabane ana hotuba ndefu, naiona inavyotuna mfukoni mwake.

'M'e amejifungia ofisini. Nimekaa sakafuni kwenye ujia, nje ya mlango wake, naandika ili mikono iwe na kazi. Chupa ya mofini iko mapajani. Nasikia anavyohema. Mara anaguna, mara kiti kinakwaruza sakafu.

Nimebisha. Akasema anakuja. Hakuja.

Ntate Khoabane amekuja mara mbili: vipi, watu wana njaa! Nimemwambia asubiri. Akanionya kwamba mkurugenzi hakai sakafuni.

Sasa wameanza kuimba. Sauti za wanaume zinatikisa vioo. Ndani pamenyamaza kabisa. Nimeruka, nimebisha tena, kwa nguvu.

"Mama, fungua. Nakuomba."

Halafu sauti yake, karibu sana, kama ameegemeza kichwa kwenye mbao:

"Anayebisha ni nani? Mkurugenzi, au mwanangu?"

Ufunguo bado haujazungushwa. Wimbo unaingia ubeti wa tatu. Naweka kalamu chini, naegemeza kichwa changu upande huu wa mbao —