Matikiti ya Sherehe ya Jovitha

UMOJA WA WAFANYABIASHARA WATANZANIA, GUANGZHOU, CHINA
Kikao cha dharura, Jumapili 14 Juni 2009, saa 9.00 alasiri, chumbani kwa Bi. Felisia, mtaa wa Guangyuan Xilu.

Waliohudhuria: Bw. Abass (Mwenyekiti), Bi. Hasna (Katibu), Bi. Felisia, Bw. Rodrick, Bw. Sostenes.
Asiyehudhuria: Bi. Jovitha, mke wa Bw. Sostenes (mgonjwa).

KUMB. NA. 1/06/2009: CHANZO CHA UGONJWA
Mwenyekiti alieleza kwamba watu tisa waliugua baada ya sherehe ya kumpongeza Bi. Jovitha kwa ujauzito wa miezi saba. Maafisa wa afya walibaini kwamba matikiti yaliyoliwa, yaliyoagizwa kutoka nje, yalikuwa na vijidudu, hatari zaidi kwa mjamzito.

Bw. Rodrick aliuliza, "Dada Felisia, uliyaosha?" Bi. Felisia alijibu kwamba aliyaosha, na kwamba aliyachagua ya nje kwa sababu laobani, yaani mwenye duka, alimwambia ndiyo bora. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemkatia Jovitha sahani mbili.

KUMB. NA. 2/06/2009: ORODHA YA WALAJI
Maafisa walitaka majina na pasipoti za wote waliokula. Mwenyekiti alipinga, kwa kuwa viza za wanachama wanne zimekwisha na misako ya polisi haijapoa. Bw. Rodrick alisema Mwenyekiti anajilinda mwenyewe. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Hakufuta.

Bw. Sostenes alisema yeye na mkewe wamo katika hao wanne, ndiyo maana siku tano amemtibu mkewe homa nyumbani kwa vidonge vya malaria. Akasema, "Mtoto hachezi tangu jana."

Bi. Felisia alisimama. "Shemeji, tangu jana?"

Kura haikupigwa. Bw. Rodrick alipanda ghorofa ya saba, chumbani kwa Bw. Sostenes, akamshusha Bi. Jovitha mgongoni. Yeye na Bi. Felisia walimpeleka hospitali kwa teksi. Bw. Sostenes alizuiwa na Mwenyekiti asiende, kwa hofu ya polisi.

KUMB. NA. 3/06/2009: TAARIFA KUTOKA HOSPITALI
Saa 12.10 Bw. Rodrick alipiga simu. Mtoto, wa kike, alizaliwa akiwa amekufa. Mama yu hai, bado hajazinduka kwenye dawa ya usingizi, hajaambiwa. Daktari alisema angeletwa siku tatu kabla, huenda mtoto angepona. Polisi wamechukua pasipoti ya mama na wamekaa mlangoni mwa wodi.

Mwenyekiti aliomba radhi kwa Bw. Sostenes.

Bw. Sostenes alivaa viatu. Mwenyekiti alimkumbusha, "Ndugu yangu, polisi wapo palepale."

"Najua," alisema, akatoka.

Waliobaki walikuwa wawili. Kikao kiliishia hapo, saa 12.25 jioni.

Abass, Mwenyekiti: ....................
Hasna, Katibu: ....................