Kicheko Nyuma ya Mlango

Walukuba, Jinja
Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba mpendwa,

Assalaam alaikum. Nakuandikia nikiwa nimeazimia kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mtoto angeyanyamazia, kwa hiyo uniwie radhi mapema. Mgongo wako unaendeleaje? Mama hajambo, na wote hapo Nakaloke? Sisi tu wazima wa mwili. Idi ya Kuchinja imepita bila nyumba hii kupika pilau. Hajati, mama mkwe wa Dada Khainza, alisema hana tena wa kumpikia tangu mwanawe Shakul afariki. Jioni mimi huswali naye, na mara nyingine yeye hunishika mkono muda mrefu.

Uliponiuliza kwa simu kama Dada anaendelea vyema, nilijibu ndiyo. Simu ni ya Shemeji Ramathan, ndugu yake Shakul, Baba, nasi huzungumza katikati ya sebule watu wote wakisikiliza. Ndiyo maana barua hii nampa Mzee Faraj, aliyeleta maharage yako sokoni. Amesema Jumanne atarudi na mzigo mwingine.

Unajua kwamba Dada alianza kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi kwa mtandao marehemu Shemeji Shakul akiwa hai. Yeye ndiye aliyemnunulia kompyuta, akawa anamtania kwamba ameoa mwanamke aliyekuja na madaraja yake. Tasnifu ya Dada inahusu zile kalavati ndogo za Mbale, za kupitishia maji chini ya barabara, zinazobebwa na maji ya mlimani kila mvua kubwa inyeshapo. Alipofiwa na mumewe, chuo kilimwongezea muda, mara moja tu. Sasa amebakiza kuitetea tasnifu hiyo mbele ya maprofesa, kwenye kompyuta, Alhamisi ijayo. Asipotokea, kazi yote imekwenda bure.

Mimi nilidhani masomo haya ni rehema kwa mtu aliye katika eda, maana anasoma bila kuvuka kizingiti. Lakini chuo kina sharti kwamba mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa. Hajati alitaka kuketi pembeni na tasbihi yake. Dada akamweleza kwa upole kwamba hairuhusiwi, hata wakati wa mazoezi. Hajati akakubali, ila akatandika mkeka wake nje ya mlango.

Jumatano alasiri Dada alifanya mazoezi na msimamizi wake, mzee mmoja mwenye sauti nzito. Mimi nilikuwa uani nikianua nguo. Mzee alimhoji kwa ukali, kisha akasema, kama Dada alivyonieleza baadaye, kwamba kalavati zake zina nguvu kuliko nyumba anayoishi yeye profesa, inayovuja. Dada akacheka. Baba, hakuwa amecheka tangu mazishi. Nilitua beseni nikatabasamu peke yangu.

Hajati naye alisikia. Alisikia sauti ya mwanamume na kicheko cha mjane wa mwanawe nyuma ya mlango uliofungwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, ni nani anayemchekesha mke wa Shakul na udongo wa kaburi haujakauka. Mashangazi wa marehemu walipofika ndio waliopaza sauti: mwalimu gani huyo asiye na ubao wala chaki, anayefundisha wajane waliojifungia? Afande Margret, jirani yetu askari wa magereza, akawajibu kutoka ng'ambo ya ua kwamba yeye amelinda milango miaka mingi na hajaona bado mwanamume akitoka ndani ya kompyuta. Nilicheka, nikakemewa. Dada alitaka kuwafungulia wamwone mzee mwenyewe, lakini Hajati aligeuza uso akasema hawezi kumtazama mwanamume aliye katika chumba cha mwanawe.

Sasa nifikie lililonifanya niandike. Jana baada ya swala ya Ijumaa Shemeji Ramathan aliichukua kompyuta akaifungia kabatini mwake. Dada alimuuliza ni kwa idhini ya nani. Akajibu, bila hasira, kwamba amekupigia simu, na wewe umesema ichukuliwe, eda kwanza, madaraja yatangoja. Dada aliposikia jina lako alimpisha apite. Tangu hapo hajagusa karatasi zake. Nilimsihi akupigie. Alisema kama Baba amesema, basi amesema, na kama hakusema, hataki kuwafanya wakwe zake waongo mbele ya watu. Nadhani analiogopa jibu. Mimi pia naliogopa, kwa sababu wewe ndiye uliyemwachia Dada meza yako ya kupimia maharage ili achoree juu yake, nawe ukapimia chini.

Asubuhi hii Hajati aliniuliza kama ni kweli maji huwachukua watoto kwenye kalavati hizo. Nikamwambia ni kweli. Angalau ameuliza.

Nisalimie Mama, na jirani zetu wote wanaoniulizia. Mwambie Mama nakula vizuri na masomo yangu sijayaacha. Usimwonyeshe barua hii kabla hujanijibu. Nijibu kwa mkono wa Mzee Faraj hiyo Jumanne, hata kwa neno moja: Baba, ni wewe kweli uliyesema ichukuliwe?

Binti yako,
Twaibah